Kesi Tatu za Kukumbuka: Mkataba, Ubia na Uzembe

Watahiniwa wengi hukariri majina ya kesi, kisha hupoteza alama kwa kutoeleza kesi hizo ziliweka kanuni gani. Jifunze kila kesi kwa hatua nne: tukio, hoja, uamuzi na kanuni. Kesi hizi ni za Uingereza, lakini zinatuhusu kwa sababu sheria zetu za biashara zilitokana kwa sehemu kubwa na mfumo wa nchi hiyo.

1. Mkataba: Carlill dhidi ya Carbolic Smoke Ball (1893)
Tukio: Kampuni ilitangaza gazetini kuwa ingemlipa pauni 100 yeyote atakayepata homa ya mafua baada ya kutumia kifaa chake cha kuvuta dawa mara tatu kwa siku kwa wiki mbili. Ilisema imeweka pauni 1,000 benki kuonyesha kuwa haifanyi mzaha. Bi. Carlill alikitumia, akaugua, akadai fedha zake.
Hoja: Je, tangazo kwa umma linaweza kuwa pendekezo?
Uamuzi: Bi. Carlill alishinda.
Kanuni: Pendekezo linaweza kutolewa kwa watu wote. Anayetimiza masharti yake amelikubali, hata kama hakutoa taarifa kwanza.

2. Ubia: Cox dhidi ya Hickman (1860)
Tukio: Wafanyabiashara wa chuma walielemewa na madeni. Walikubaliana na wadai wao kwamba biashara iendeshwe na wadhamini, na faida ilipe madeni. Hickman, aliyeidai biashara hiyo baadaye, alimshtaki Cox, mmoja wa wadai wa awali, kama mbia.
Hoja: Je, kupokea sehemu ya faida kunamfanya mtu awe mbia?
Uamuzi: Cox hakuwa mbia.
Kanuni: Kugawana faida ni dalili ya ubia, lakini peke yake hakutoshi. Angalia kama biashara inaendeshwa kwa niaba ya mtu huyo.

3. Uzembe: Donoghue dhidi ya Stevenson (1932)
Tukio: Mwaka 1928, mjini Paisley, Scotland, Bi. Donoghue alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi. Chupa haikuonyesha ndani. Alidai kuwa baada ya kunywa kiasi, yalimiminika mabaki ya konokono aliyeoza, naye akaugua.
Hoja: Aliyelipa ni rafiki, hivyo Bi. Donoghue hakuwa na mkataba na yeyote. Je, mtengenezaji anawajibika kwake?
Uamuzi: Bunge la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa, liliamua kwa kura tatu dhidi ya mbili kwamba mtengenezaji ana wajibu huo.
Kanuni: Chukua uangalifu usimdhuru “jirani” yako. Kisheria, jirani si lazima awe wa nyumba ya pili. Ni yeyote unayepaswa kuona kuwa kitendo chako kinaweza kumdhuru.

Tahadhari: Usiandike kuwa mahakama ilithibitisha konokono alikuwamo. Iliamua swali la sheria tu. Madai yalimalizwa kwa maelewano.

Zoezi
Juma amemnunulia Asha maziwa ya pakiti. Asha amekuta kipande cha kioo ndani na kukatwa mdomo. Je, anaweza kumdai mtengenezaji?

Mwongozo: Asha hana mkataba, kwa hiyo usianze na Carlill. Tumia Donoghue, kisha onyesha mambo matatu: wajibu wa uangalifu, kuvunjwa kwa wajibu huo, na madhara yaliyotokana nao.