Zafarani na Nduguze

Zafarani itiwayo katika biriani hutoka katika ua dogo liitwalo krokasi. Mmea wake hulimwa katika nchi zenye majira ya baridi na majira ya joto yaliyo makavu, kama vile Irani (ndiyo Uajemi ya zamani), Kashmir na Hispania.

Krokasi ziko za aina nyingi, za zambarau, nyeupe na manjano. Nyingi hupandwa bustanini kwa uzuri tu, na huko Ulaya huchanua Februari na Machi, theluji inapoyeyuka. Bali krokasi ya zafarani huchanua Oktoba na Novemba. Ua lake ni la zambarau, na katikati mna nyuzi tatu nyekundu, ndefu hata huning'inia nje. Nyuzi hizo ndizo zafarani. Wachumaji huingia shambani alfajiri, kabla maua hayajafunguka, kisha hukaa kutwa wakizichomoa kwa vidole. Maua yapata 150 hutoa gramu moja tu ya zafarani kavu, basi si ajabu bei yake kuwa kubwa.

Mmea huu ni tasa, hauzai mbegu, wala haupatikani porini. Mkulima hupanda tunguu lake, lililo mfano wa kitunguu kidogo, mwezi wa Agosti au Septemba, chini inchi 4 hadi 6, katika udongo usiotuamisha maji. Maana tunguu likilowa wakati wa joto huoza. Kila mwaka tunguu la zamani hunyauka na kuacha mengine madogo, nayo hugawanywa na kupandwa tena. Mikono ya watu ndiyo iliyouhifadhi hata leo.

Lakini liko ua jingine, kolkikumu, lifananalo nalo sana, nalo huchanua majira yale yale. Hilo ni sumu kali. Atakaye kuyapambanua na asitazame rangi, ahesabu vile vijiti vya ndani vyenye vumbi la manjano: krokasi ina vitatu, kolkikumu ina sita. Majani nayo ni shahidi. Ya krokasi ni membamba kama nyasi, yenye mstari mweupe katikati. Ya kolkikumu ni mapana, hayana mstari, tena hutokea miezi mingi baada ya ua, wakati ambapo hakuna ua la kumwonya mtu. Wako waliokufa kwa kuyachuma na kuyapika wakidhani ni mboga ya mwituni. Sumu yake haiumi upesi. Saa nyingi hupita kabla mlaji hajaanza kutapika, na dawa ya kuiondoa mwilini bado haijapatikana.