NURU YA KONYEZA NA ADUI WA MIKUMI

Wenzetu wa Unguja walitangaziwa mwaka 1997 kwamba mbung'o ametoweka, baada ya dawa kutumika na madume waliotiwa ugumba kwa mionzi kuachiwa kisiwani. Mikumi haikuzungukwa na bahari. Mbung'o akiondolewa huku, hurudi kutoka kule. Yatupasa, basi, kukijua kijidudu chenyewe anachokibeba, kiletacho nagana na malale.

Rangi za kawaida za maabara hukionyesha kikiwa kimekufa. Lakini katika jamaa mmoja wa konyeza, Osamu Shimomura aligundua mwaka 1962 protini ing'aayo kijani. Wataalamu wamepandikiza jeni yake katika kijidudu hicho, kikaonekana hai tumboni mwa mbung'o.

Twawasihi wakuu wetu: darubini za namna hiyo zisiishie ng'ambo. Adui asiyeonekana hapigiki.