Gari la telekomande lisilokata kona: kabla ya kununua sevo mpya, angalia vyuma

Nchini Marekani, wapenzi wa magari madogo ya telekomande yanayopanda mawe, yaitwayo krola, wana lalamiko moja lisiloisha: gari linapanda vizuri, lakini halikati kona. Magari hayo, kama TRX-4 la kampuni ya Traxxas ya Texas au SCX10 la Axial, ni ya kipimo cha 1/10, yaani madogo mara kumi kuliko gari halisi. Hayakimbizwi. Yanapita polepole katikati ya mawe, na katika mashindano mengi kila kurudi nyuma kunahesabiwa adhabu. Gari lenye usukani mfupi linalazimika kurudi nyuma mara kwa mara.

Kinachogeuza magurudumu ni sevo, kisanduku chenye mota ndogo na gia ndani. Inapokea alama ya umeme yenye urefu wa milisekunde 1 hadi 2. Ikiwa 1,5 inakaa katikati. Kwa alama hizo sevo nyingi zinazunguka karibu digrii 45 kila upande. Mwenye gari akiona magurudumu hayafiki mwisho, anasema sevo ni dhaifu na anatoa pesa kununua nyingine. Mara nyingi pesa hiyo inapotea bure, maana kizuizi hakikuwa kwenye sevo.

Jaribio la kwanza halina gharama. Fungua chuma kinachounganisha mkono wa sevo na magurudumu, kisha sukuma magurudumu kwa kidole mpaka mwisho, kushoto na kulia. Angalia kinachogusana: pengine tairi linasugua fito za chini ya gari, pengine chuma cha usukani kinagonga ekseli. Fundi yeyote wa garaji anayejua bolti zinazozuia usukani wa jeep ataelewa haraka. Kama magurudumu yanafika mbali kwa kidole kuliko yanavyofika kwa sevo, hapo ndipo sevo inashukiwa. Kama siyo, hata sevo ya bei kali haitaongeza kitu.

Gari likikata vizuri upande mmoja na vibaya upande mwingine, kosa la kawaida liko kwenye mkono wa sevo. Mkono huo unashikwa na meno, mara nyingi 25, kwa hiyo jino moja ni digrii 14,4. Ukifungwa jino moja pembeni, watu wananyoosha magurudumu kwa kitufe cha telekomande, na kufanya hivyo kunapunguza safari ya upande mmoja. Dawa ni kuwasha gari, kurudisha kitufe kwenye sifuri, kufunga mkono ukiwa wima kwa chuma cha usukani, kisha kurekebisha urefu wa chuma chenyewe.

Baada ya hapo telekomande nyingi zinaruhusu kuongeza mwisho wa usukani kupita asilimia 100. Hapa ndipo sevo nyingi zinakufa. Ongeza kidogo kidogo, na magurudumu yakifika mwisho sikiliza: sevo ikiendelea kulia, inasukuma chuma kisichosogea. Punguza mpaka inyamaze. Sevo kubwa ikikwama inaweza kula ampea kadhaa. Umeme unashuka, kipokezi kinazima, gari linasimama juu ya jiwe. Au mota inaungua kabisa. Umeme huo, tukumbushe, unatoka kwenye batri za litiamu ambazo nyingi zina kobalti, na kobalti nyingi ya dunia inachimbwa kwetu, Lualaba na Haut-Katanga.

Njia nyingine ni mkono mrefu zaidi. Kwa digrii 40, mkono wa milimita 20 unasogeza chuma karibu milimita 13. Wa milimita 25 unakisogeza 16. Lakini hakuna cha bure: sevo iliyosukuma kilo 10 kwa mkono wa kwanza inabaki na kilo 8 kwa wa pili. Tairi likibanwa kati ya mawe mawili, kilo hizo mbili zinaonekana.

Wako pia wanaofungua sevo na kulehemu rezista ndogo kila upande wa potensiometa, kipande kinachoiambia sevo imefika wapi. Sevo inadanganyika, inazunguka zaidi. Inafanya kazi kweli, ila inahitaji mkono mtulivu, na inakuwa si sahihi sana kama mwanzo. Kwa sevo ya bei ndogo tungejaribu. Kwa ya bei kali, hapana.

Na hata vyote vikikubali, kuna kadani za magurudumu ya mbele. Kadani moja iliyokunjwa digrii 40 haizungushi gurudumu kwa mwendo sawa: katika kila mzunguko inakwenda polepole, kisha inaharakisha. Gurudumu linarukaruka, na pini za kadani zinaanza kulika.