Mgongo wa Binti Yako: Utazame Kabla Hajamaliza Kukua

Buibui na sare pana ya skuli ni stara kwa binti zetu. Hata hivyo, stara hiyo yaweza kuficha jambo ambalo jicho la mama ndilo la kwanza kulitambua: uti wa mgongo unaopinda kuelekea ubavuni. Madaktari huliita tatizo hili skoliosisi. Si kibiongo, ambacho huinamisha mgongo mbele. Huu hupinda upande na kujisokota, hata bega moja likapanda juu ya jingine.

Kwa watoto wengi chanzo chake hakijulikani. Hakiletwi na mkoba mzito wala ulalaji mbaya. Basi mama asijilaumu. Aghalabu huonekana baada ya miaka 10, mtoto anaporefuka kwa kasi, na mipindo mikubwa huwapata zaidi wasichana.

Kumtazama ni rahisi. Mkiwa faraghani, binti ainame kama anayerukuu, mikono ikining'inia, nawe usimame nyuma yake. Upande mmoja wa mgongo ukiinuka kuliko wa pili, mpeleke hospitali.

Familia iishiyo Machakos yaweza kuanzia Hospitali ya Level 5 mjini humo, kisha ikihitajika ipelekwe Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, au hospitali ya CURE iliyoko Kijabe, inayotibu mifupa ya watoto tangu 1998.

Daktari huupima mpindo kwa picha ya eksirei. Ukiwa chini ya nyuzi 25, kwa kawaida huangaliwa tu kila baada ya miezi kadhaa. Kati ya nyuzi 25 na 40, mtoto anayekua huvishwa vazi gumu la plastiki kiwiliwilini. Ukipita nyuzi 50, upasuaji hufikiriwa. Utafiti wa Marekani na Canada uliotolewa 2013 ulionyesha kuwa vazi hilo lilizuia mpindo kufikia upasuaji kwa watoto 72 katika kila 100. Kwa wasiolivaa walikuwa 48.

Vazi hili halifuniki viungo vya udhu, na huvuliwa wakati wa kuoga. Asiyeweza kuinama vyema, dini imemruhusu kuswali kwa kadiri ya uwezo wake.

Ila vazi hufaa mifupa ikiwa bado inakua. Ikishakomaa, fursa hiyo hairudi. Dua na tuombe, na hospitali twende, kwani Mtume wetu (s.a.w.) alituhimiza kutafuta tiba.