Ukifuga Panya, Mwambie Muuguzi

Mwezi huu nazungumzia jambo ambalo huenda wengi wenu mtalicheka. Mimi mwenyewe nililicheka, mpaka lilipoingia wodini.

Alikuja kijana mmoja wa miaka kama 25, homa ikiwa siku ya tano. Alikuwa amekwisha kumeza dawa ya malaria aliyopewa mahali pengine, na kipimo chetu hakikuonyesha vidudu vya malaria. Alikuwa akitetemeka, magoti na vifundo vya mikono vikimwuma kama mzee, na kwenye viganja na nyayo alikuwa na vipele vyekundu visivyowasha. Tulimwuliza maswali yote tuliyoyazoea: unakunywa maji gani, unalala ndani ya chandarua? Hakuna aliyemwuliza habari za wanyama, hata mimi mwenye miaka mingi katika kazi hii. Nilipokuwa nikimtafuta mshipa ndipo nikaona kwenye kidole chake alama mbili ndogo zilizokwisha kufunga.

"Hii nini, mwanangu?"

"Ni panya tu, mama. Wale wangu wa biashara."

Kijana huyu hufuga panya weupe na kuwauza kwa watu wanaotunza nyoka. Kama mjuavyo, huku kwetu kuna bustani za nyoka zinazotembelewa na watalii na watoto wa shule, kama ile ya Meserani karibu na Arusha, na wenzetu wa Kenya wanayo ya Watamu. Ulaya na Marekani mambo yamekwenda mbali zaidi. Huko chatu mdogo atokaye Ghana, Togo na Benin huwekwa sebuleni ndani ya sanduku la kioo, kama sisi tunavyofuga paka. Nyoka hali ugali. Anataka mnyama mzima, na mifupa na maini yake. Ndiyo maana wenye nyoka wengi huamua kuzalisha panya wao wenyewe nyumbani, maana kununua kila wiki ni gharama.

Na panya huzaa bila kuombwa. Jike hubeba mimba siku 21 hadi 23 tu, kisha huzaa watoto kama 8 au 10, pengine zaidi. Huzaliwa bila manyoya, wamefumba macho, na wakifika wiki tatu huachishwa kunyonya. Jike anaweza kushika mimba nyingine siku ile ile aliyozaa, na watoto wake wa kike nao wanaweza kushika mimba kabla ya kutimiza miezi miwili. Asiyetenganisha madume na majike mapema, kwenye wiki ya nne au ya tano, atashangaa. Kijana wetu alianza na panya watatu. Siku aliyolazwa alikuwa nao zaidi ya 40, katika chumba kimoja anacholala yeye na mke wake, mjamzito wa miezi mitano.

Nirudi kwenye homa yake. Inaitwa homa ya kuumwa na panya. Bakteria wanaoileta huishi mdomoni na kooni mwa panya, naye panya haumwi chochote. Huwezi kumtazama ukamjua. Mtu huupata kwa kuumwa au kukwaruzwa, kwa kumbusu panya kama watoto wafanyavyo, au kwa chakula na maji yaliyochafuliwa na panya. Dalili huanza mara nyingi baada ya siku 3 hadi 10: homa ya ghafla, baridi kali, kutapika, kuumwa na kichwa na viungo, kisha vipele vya mikono na miguu. Kwa kuwa kidonda huwa kimekwisha kupona, mgonjwa mwenyewe haoni uhusiano. Dawa yake ni penisilini ya kawaida, ile ile iliyojaa makabati yetu. Pasipo dawa, karibu mgonjwa 1 kati ya 10 hufa.

Msidhani ni ugonjwa wa maskini. Mwaka 2013 huko San Diego, Marekani, mtoto wa kiume wa miaka 10, mzima kabisa, alikuwa na panya wa kuchezea. Akapata homa, kutapika na maumivu ya miguu. Alipelekwa kwa daktari, ikaonekana ni tumbo la kawaida, akarudishwa nyumbani. Alikufa muda mfupi baadaye. Naamini kama mtu angesema neno "panya" mapema, huenda mambo yangekuwa mengine.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Sisi tumezoea kuita kila homa malaria. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Zaidi ya nusu walikuwa wameandikiwa malaria. Damu ilipopimwa vizuri, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na magonjwa mbalimbali, na miongoni mwao yapo yatokayo kwa wanyama, ukiwemo ule ambao tangu mwaka 2022, ulipotokea mkoani Lindi na kuua watu 3, tumeuita homa ya mgunda. Huo hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, nao huingia mwilini kupitia mchubuko, macho au mdomo. Macho huwa mekundu, misuli ya miguu huuma sana, na ukizidi mtu hugeuka manjano na figo hushindwa. Huo nao una dawa, ikiwahi.

Yapo na mengine. Mwishoni mwa 2016 mfugaji mmoja wa panya nyumbani, katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, alilazwa kwa ugonjwa wa virusi vya Seoul, ambavyo panya huvitoa kwa mkojo, kinyesi na mate, na mtu huvivuta pamoja na vumbi. Walipofuatilia panya waliouzwa na kununuliwa baina ya wafugaji, walikuta watu 17 wameambukizwa. Uingereza nako mamia ya watu, wengi wao watoto, wamepata kuhara kwa salmonela kutokana na panya waliogandishwa kwa ajili ya kulisha nyoka. Baridi ya friji haiui salmonela, inailaza usingizi tu. Kwa hiyo panya wa nyoka hakai friji moja na maziwa ya mtoto, wala hayeyushwi kwenye sufuria ya mboga.

Kilichonitia hofu zaidi kwa kijana yule, hata hivyo, kilikuwa mke wake. Katika vizimba vile walikuwamo pia panya wale wadogo sana, wanaolishwa nyoka wachanga. Hao wanaweza kubeba virusi viitwavyo LCM. Mwaka 2012 wafanyakazi kadhaa wa kituo cha kuzalisha panya wa kulisha nyoka katika jimbo la Indiana walikutwa navyo. Mtu mzima huweza kuugua kama mafua na kupona. Mama mjamzito akiambukizwa, mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa na maji kichwani na macho yaliyoharibika. Dawa ya kumkinga mtoto huyo hakuna. Kwa hiyo mjamzito asisafishe vizimba na asilale chumba cha panya; hapo sina mjadala.

Je, niliwaambia waache? Hapana. Panya wale ndio waliolipa kodi ya chumba. Niliwaambia waondoe panya ndani ya nyumba. Kibanda kiwe nje, chenye hewa, na wavu wa chuma ambao panya wa shambani hawezi kupenya, maana huyo wa nje ndiye huleta magonjwa kwa wa ndani. Kamwe usikamate panya wa shambani ukamtia kizimbani. Ana viroboto, na watu wa Lushoto hawahitaji kuelezwa viroboto vya panya viliwaletea nini tangu mwaka 1980, ni tauni. Tena huenda amekula sumu, na nyoka akimla anakufa naye.

Maranda yabadilishwe kabla hayajanuka, lakini usifagie makavu. Kwanza nyunyizia jiki, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, ngoja dakika 10, ndipo uzoe ukiwa umevaa glavu na umefunika pua na mdomo. Nguo za kazi hiyo zibaki kule kule. Watoto wa chini ya miaka mitano wakae mbali. Na anayemlisha nyoka ampe panya aliyekwisha kuuawa haraka bila kuteswa, kwa kuwa panya hai akibanwa humng'ata hata nyoka mwenyewe, na anayeingiza mkono kuwatenganisha huambulia meno.

Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uje tukuangalie na kukuchoma sindano ya pepopunda kama muda wake umepita. Ukipata homa katika wiki tatu zinazofuata, hata kama kidonda kimepona, neno la kwanza mlangoni liwe: "Nafuga panya." Usione haya. Mfugaji wa nguruwe husema, mfugaji wa kuku husema.

Kijana alipata penisilini siku 14, na siku ya tatu homa ilikwisha kushuka. Katika kadi zetu za mapokezi sasa tumeongeza mstari mmoja wa kuuliza wanyama wa nyumbani. Mke wake alijifungua mtoto wa kike, kichwa na macho vizuri kabisa. Panya wako nje, nyuma ya mgomba, hatua kama ishirini kutoka jikoni.