Hedifoni za bei nafuu: amplifaya analipia nani?

Ukipita kwenye fremu za vifaa vya simu Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, utaona kwamba hakuna bidhaa inayouzwa kwa maelezo machache kama hedifoni. Chaja utatajiwa wati zake. Memori kadi utatajiwa GB zake. Hedifoni utaambiwa ina besi, basi. Ukidadisi zaidi, muuzaji anachomeka pini kwenye simu yake, anafungulia singeli, anapandisha sauti hadi mwisho na kukuvisha kichwani. Ikikushtua, biashara imeisha.

Wapenzi wa muziki wenye vyombo vya gharama hulicheka jaribio hilo. Mimi naliona lina maana kuliko nusu ya maneno yanayoandikwa kwenye boksi, kwa sababu linajibu swali la kwanza la mtu mwenye bajeti ya kubana: je, simu peke yake inaimudu hedifoni hii, au mwenye nayo atarudi tena dukani kutafuta amplifaya? Kasoro yake ni moja: simu iliyotumika ni ya muuzaji, siyo yako.

Swali hilo ni la kifedha kabla halijawa la kiufundi. Amplifaya ya hedifoni, hata ile ndogo ya kuweka mezani, inaweza kugharimu sawa na hedifoni yenyewe, na hapo bado waya wa kuiunganisha na umeme wa kuiendesha. Hedifoni inayohitaji amplifaya basi ina bei mbili, moja ya kwenye kibandiko na nyingine utakayoijua ukifika nyumbani.

Viwanda vya hedifoni havikuanza na mtu mwenye simu mfukoni. Beyerdynamic ya Ujerumani ilitoa DT 48 mwaka 1937, na soko lake lilikuwa redio, maabara na studio. Mwaka 1968 Sennheiser, Wajerumani vilevile, walitoa HD 414, hedifoni nyepesi yenye sponji za manjano ambayo hatimaye iliuzwa zaidi ya milioni 10. Ukinzani wake, yaani kiasi inavyouzuia umeme, ulikuwa omu 2,000. Leo ukiichomeka kwenye simu utasikia mnong'ono. Enzi hizo haikuwa kasoro: msikilizaji alikuwa na redio kubwa sebuleni iliyochomekwa ukutani, yenye nguvu ya kutosha na kubaki. Studio nazo zilipenda omu nyingi, maana hedifoni kadhaa ziliweza kuunganishwa kwenye tundu moja bila kuilemea mashine.

Kilichobadilisha biashara ni betri. Julai 1979 Sony walianza kuuza Walkman nchini Japani kwa yeni 33,000, kifaa cha kaseti kinachokwenda kwa betri mbili ndogo, kikiwa na hedifoni ya takriban gramu 50. Betri mbili haziwezi kusukuma omu 2,000. Ikabidi hedifoni ndizo zijifunze kula kidogo: ukinzani ukashushwa, viwambo vikapunguzwa uzito, na sumaku za neodimiamu zilizovumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikafanya kipande kidogo cha chuma kivute kwa nguvu ambayo zamani ilihitaji donge zima. Koss ya Milwaukee, Marekani, ilitoa Porta Pro mwaka 1984 kwa ajili ya vifaa hivyo vya mfukoni. Bado inauzwa, umbo karibu lilelile, omu 60, na bei Marekani imekuwa ikicheza kwenye dola 50 au chini ya hapo. Bidhaa chache za elektroniki zimekaa sokoni miaka 40 bila kubadilishwa sura.

Kwa hiyo mtu anayetaka kusikiliza bila amplifaya haombi upendeleo. Upande wake ndio wenye soko kubwa, na umekuwa hivyo tangu enzi za kaseti. Anachohitaji ni kutofautisha mzigo uliotengenezwa kwa ajili yake na ule wa studio, na hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu kwenye rafu na kwenye picha za mtandaoni yote miwili inafanana.

Chukua Beyerdynamic DT 770 Pro, ambayo mafundi wa studio wanaijua vizuri. Imeuzwa kwa miaka katika matoleo ya omu 32, 80 na 250, jina moja, sura karibu moja. Mnunuzi mgeni huona 250 akadhani ni kama wati, kwamba kubwa ndiyo bora. Sasa tupige hesabu. Kifaa cha kuchomeka chenye kutoa nusu volti, kiwango cha kawaida kwa simu nyingi na adapta zake, kinaipa hedifoni ya omu 32 karibu miliwati 8. Hedifoni ya omu 250 inapata miliwati 1 tu. Kwa masikio hiyo ni tofauti ya desibeli 9, na kila desibeli 10 sikio huzihesabu kama sauti imezidi maradufu. Kwa hedifoni ileile, kwa jina lilelile, mmoja anasikiliza kwa raha na mwenzake amefika mwisho wa sauti bado anatega sikio.

Lakini omu peke yake ni nusu ya habari, na huu ndio mtego wa pili. Hifiman ya China iliwahi kuuza HE-6, hedifoni ya omu 50 tu. Kwa macho ungesema simu itaiweza. Kumbe unyeti wake, yaani sauti inayotoa kwa umeme wa miliwati 1, ni desibeli 83.5, na wenye nayo walilazimika kuitafutia amplifaya nzito. Sony MDR-7506, iliyoko sokoni tangu 1991 na ambayo utaiona kwenye vichwa vya wapiga picha za video dunia nzima, ina omu 63, yaani ukinzani mkubwa kidogo kuliko wa HE-6. Unyeti wake ni desibeli 106. Pengo la zaidi ya desibeli 20 maana yake ni kwamba ili zilingane sauti, HE-6 inadai umeme zaidi ya mara mia. Kwa hiyo mwenye simu aangalie unyeti kwanza, omu baadaye. Desibeli 98 kwenda juu kwa miliwati 1, na omu zisizozidi 60 au 70, simu itafanya kazi yake bila kulalamika. Kati ya 95 na 98 inategemea simu na inategemea unasikiliza nini: rekodi za zamani za taarabu, zilizorekodiwa kwa sauti ya chini, zitakuumbua mapema kuliko Bongo Fleva ya mwaka huu iliyobanwa hadi kooni.

Kuna jambo dogo la boksi ambalo wafanyabiashara hawakwambii, pengine kwa sababu nao hawaambiwi. Baadhi ya viwanda, hasa vile vya China vya spika ndogo za masikioni, huandika unyeti kwa volti 1 badala ya miliwati 1. Namba inapanda bila hedifoni kubadilika. Spika ya omu 18 iliyoandikwa desibeli 119 kwa volti ni sawa na kama 102 kwa miliwati. Kwa omu 32, toa 15. Kwa omu 300, toa 5. Ukilinganisha mbili bila kutazama kipimo, utakuwa unalinganisha kilo na ratili.

Hayo yote yanahusu bidhaa halali. Nembo za JBL na Beats utazikuta zimechapwa kwenye vitu vya bei ambayo haingelipia hata boksi la orijino, na namba za nyuma zimenakiliwa pamoja na nembo. Kwa feki, namba hazina maana hata kidogo na jaribio la muuzaji linarudi kuwa na thamani. Omba tu lifanyike kwenye simu yako, na sauti uiweke nusu. Hedifoni inayokutosha ikiwa nusu ndiyo uliyoifuata. Usisahau kuupinda waya karibu na pini huku muziki unapiga, kwa sababu hedifoni nyingi za bei ya chini hufia pale, na sikio moja likikatika leo dukani litakuokolea nauli ya kurudi kesho.

Biashara ilibadilika tena Septemba 2016, Apple walipotangaza iPhone 7 isiyo na tundu la pini na, pamoja nayo, AirPods za dola 159. Kampuni nyingine zikacheka, kisha zikafuata. Soko letu halikwenda sawasawa na wao. Transsion ya Shenzhen, yenye Tecno, Infinix na itel, iliyoingia soko la hisa la Shanghai mwaka 2019, iliendelea kuweka tundu kwenye simu zake nyingi za bei ya chini, huku ikiuza vifaa vya simu kwa jina la oraimo. Ndiyo maana machinga wa hapa bado ana sababu ya kutembeza nyaya mabegani.

Mwenye simu isiyo na tundu anaambiwa anunue za Bluetooth na kwamba hizo hazihitaji amplifaya. Zinahitaji, na imo ndani yake: katika zile za kuchomeka sikioni, kila sikio lina amplifaya yake, betri yake na kigeuzi chake cha sauti, yaani kile kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya umeme. Mnunuzi amelipia vyote hivyo bila kutajiwa. Kwa upande mmoja ni nafuu ya kweli, kwani kiwanda kimelinganisha amplifaya na spika yake, na suala la omu na desibeli linakufa palepale. Kwa upande mwingine, betri zile ndogo huchoka baada ya miaka michache ya kuchajiwa kila siku, na fundi wa kuzibadilisha humpati kirahisi. Porta Pro ya 1984 iliyotunzwa bado inaimba.

Njia ya kati ni adapta ya USB-C. Hapa pana ulaghai wa kimyakimya: adapta za bei ya chini kabisa ni waya mtupu, hazina kigeuzi cha sauti ndani, na zinakubali simu zile tu zinazotoa sauti tayari kupitia tundu la chaji. Kwenye nyingine ni bubu. Ya Apple, ambayo Marekani huuzwa dola 9, ina kigeuzi na amplifaya ndogo ndani yake. Toleo la Marekani limepimwa likitoa volti 1, la Ulaya nusu volti, kwa sababu Ulaya ina kanuni za kulinda masikio. Kwenye baadhi ya simu za Android, hata hivyo, sauti yake hubaki chini, kwa hiyo nayo ijaribiwe kabla hela haijatoka mkononi.

Na tukigusia masikio: Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Hedifoni nyeti kwenye simu inavuka hapo bila jasho. Mwenye kusikiliza ndani ya daladala au matatu anapandisha sauti kushindana na injini, na kwake unyeti si tatizo tena; anahitaji spika za kuziba sikio zinazofunga vizuri. Hedifoni za mgongo wazi, zinazosifiwa kwa sauti pana, mle ndani ni hela iliyopotea, na abiria wa pembeni atasikiliza nawe.

Ningeulizwa ninunue nini kwa simu ya kawaida yenye tundu, nisingesita sana. Sony MDR-ZX110, omu 24 na desibeli 98, ni plastiki tupu na haina makuu, lakini inalia vizuri kwa bei yake. Koss KSC75, zile za kuning'iniza sikioni, zimekuwa zikiuzwa Marekani karibu dola 20 na kwa sauti zinazipita nyingi za bei ya juu, ingawa sura yake haitakupa sifa mtaani. Mwenye kufika dola 100 achukue MDR-7506 na asahau habari ya amplifaya, ila ajue waya wake wa kujikunja ni mzito.

Wenye majina makubwa nao wameona kwamba soko liko kwa msikilizaji wa kawaida. Apple walilipa dola bilioni 3 kwa Beats mwaka 2014. Samsung ikalipa kama bilioni 8 kwa Harman, yenye JBL na AKG, na kukamilisha mwaka 2017. Sennheiser waliuza kitengo cha wanunuzi wa kawaida kwa Sonova ya Uswisi, watengenezaji wa visaidizi vya kusikia. Beyerdynamic, wenye jina studioni, mwaka 2021 walitoa DT 900 Pro X ya omu 48 wakiitangaza kwa studio na kwa simu pia, na mwaka 2025 ikatangazwa kwamba kampuni yenyewe inanunuliwa na Cosonic ya China, inayotengeneza vifaa vya sauti kwa majina ya wengine, kwa yuro milioni 122.

Aliyekwisha kununua hedifoni ya omu 250 asikimbilie amplifaya. Studio ndogo, redio za jamii na makanisa yana mixer zenye tundu la hedifoni linalotoa nguvu ya kutosha, na mtu wa huko ataichukua kwa bei ya maana kuliko atakayopewa na duka lolote la simu akiirudisha.