Siti binti Saad Si "Kijiti" Peke Yake

Jina la Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, halihitaji kupigiwa debe hapa Visiwani. Lakini mwombe mwananchi autaje wimbo wake mmoja: atasema "Kijiti", kisha atanyamaza. Na hata huo husifiwa kwa habari yake ya mauaji na hukumu, si kwa muziki wake. Huko ni kumheshimu mtu nusu.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walikwenda Bombay kutia nyimbo zao katika santuri. Nyingi kati ya walizozitia safari hiyo na baadaye hazisikiki tena. Anayebahatika kuzipata yafaa atege sikio katika mambo matatu.

La kwanza ni upatanifu wa sauti. Muziki wa Ulaya hupanga sauti tatu au nne mbalimbali zikalia pamoja. Katika nyimbo za Siti hakuna mpango huo. Mwimbaji, udi na fidla hushika njia moja, kila mmoja kwa mwendo wake: fidla huvuta, udi hudonoa, mwimbaji huchelewa kidogo ili neno lipate uzito. Asiyeelewa hudhani wanapotezana. Kumbe wanapambana kwa adabu, na utamu umo humo.

La pili ni maqamu. Shingo ya udi na ya fidla haina vigawanyo, kwa hiyo kidole chaweza kutoa sauti iliyo baina ya vibao viwili vya kinanda. Bila ya sauti hizo, Rasti si Rasti wala Bayati si Bayati. Aliyesoma chuoni akasikia Kurani ikisomwa kwa mahadhi anazitambua, ijapokuwa hakufundishwa majina yake.

La tatu ni shairi. Taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake waliijaza mizani na vina vya Kiswahili. Kwa kuwa maneno yetu huishia kwa irabu, kina huvutika mpaka mwimbaji atosheke. Na upande mmoja wa santuri ulichukua dakika tatu hivi tu. Hapakuwa na nafasi ya neno la bure.

Leo vinanda vya umeme vimeenea katika taarabu. Hatuvikatai. Lakini vingi hupangwa kwa sauti za Ulaya, na kijana asiyepata kuisikia Bayati kwa udi hatajua kilichopunguka.

Santuri ni kitu chepesi kuvunjika. Hivyo wahusika wa utamaduni hawana budi kuzitafuta majumbani, kuzinakili, kuandika maqamu ya kila wimbo, na kuzifikisha kwa wanafunzi, wakiwemo wa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Wananchi nao wazitoe zilizofichika sandukuni.

Siti alifariki mwaka 1950. Waliomsikia kwa masikio yao wamebaki wachache mno, kama wapo. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.